Damu Yangu Kwenye Faili la Dada

Dada yangu ni mtu wa gramu. Ukimwambia aongeze chumvi kidogo, anauliza kidogo kiasi gani, na hafanyi utani, anasubiri jibu. Akisema atafika saa mbili, basi saa mbili kasoro dakika mbili utamwona anakata kona. Mimi nimeumbwa vingine. Nakadiria, nasahau, napandwa na hasira kisha zinashuka kabla aliyenikosea hajajua. Mama yetu anasema mimi alinizaa akiwa na haraka.

Dada alikuwa mchanganyaji wa dawa kwenye shamba la mawaridi, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo pale. Mimi nilikuwa shamba hilo hilo, upande wa pili wa uzio, chumba cha kufungia maua. Tunakata mashina, tunapanga kwa urefu, tunafunga ishirini ishirini. Tumepishana miaka mitano lakini sura ni moja: paji lile lile, mwanya ule ule, hata mwendo. Wenzetu walituita mapacha waliokuja kwa awamu. Zamani tulikuwa tunacheka nao. Siku hizi mtu akinitania hivyo namnunia.

Stoo yake ilikuwa chumba cha sakafu ya saruji chenye mlango wa bati, rafu tatu za chuma, sinki moja, na meza ya mizani katikati. Kila chupa ilitazama mbele. Kila mfuko wa unga wa dawa ulikuwa na kibanio chake. Asubuhi wapuliziaji walipanga foleni mlangoni na mabomba mgongoni, yeye anapima, anachanganya, anaita mmoja mmoja kwa namba ya banda. Walimwita Mama Mizani. Kulikuwa na mpuliziaji mmoja, mtu mzima mwenye maneno mengi, ambaye sote tulimwita Bomba. Huyo kila siku alimwambia, "Mama Mizani, niongezee tone moja tu, vidukari wa banda langu wana kiburi." Dada anamjibu bila kuinua macho, "Hilo tone ni la vidukari au la kwako?" Foleni nzima inacheka.

Kampuni ilimpeleka kozi ya wiki mbili. Aliporudi alichana boksi la maua, akachora juu yake kwa kalamu ya wino mzito, akawaita wapuliziaji wote stoo. Mimi nilipita kwa udaku tu, nikasimama nyuma.

"Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ukaze," alisema, "unatuma kijumbe. Kijumbe kinafika, kinasema kaza, msuli unakaza. Papo hapo anakuja mfagiaji, anakiondoa, msuli unalegea. Ndivyo unavyokunja kidole na kukikunjua. Wataalamu wanamwita huyo kimeng'enya, mimi namwita mfagiaji. Sasa hizi dawa za chupa nyekundu zinamkamata mikono, hafagii tena. Vijumbe vinajaa mlangoni. Msuli unaambiwa kaza, kaza, kaza, mpaka unachoka kabisa. Mate yanaambiwa toka. Jasho, toka. Mboni ya jicho inabanwa inabaki tundu la sindano. Mapafu yanajaa maji yake yenyewe."

Bomba akauliza, "Si hayo ni ya wadudu?"

"Mdudu ana mfagiaji na wewe unaye, ni yule yule. Yeye ni mdogo, anakufa kwa dakika. Wewe ni mkubwa, unao wengi. Ukipoteza robo yao hujui. Ukipoteza hata nusu, polepole, unaweza kuendelea kula na kucheka. Ndiyo maana tunapimwa damu. Damu ndiyo inayotuhesabia waliobaki."

Watu wazima, wengine na ndevu zao nyeupe, walikuwa wamelikodolea macho lile boksi. Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanilenga. Nikarudi kwenye maua yangu nikamwambia kila mtu kwamba yule pale ni dada yangu, utadhani hawajui.

Damu ilipimwa kila baada ya miezi mitatu. Kabla mtu hajashika dawa kwa mara ya kwanza anapimwa, na hicho ndicho kipimo chake cha kuanzia, kwa sababu kila mtu ana kiwango chake. Vinavyofuata vinalinganishwa na hicho. Ukishuka robo unaonywa. Ukishuka theluthi unaondolewa kwenye dawa, unakwenda kung'oa magugu mpaka damu ipande tena. Ilikuwa kanuni ya kumlinda mtu, lakini nenda kawaambie watu. Aliyeondolewa alionekana mzembe, mchafu, asiyejua kunawa.

Sasa nifike kwenye ujinga wetu.

Mwaka jana kipimo cha dada kilisimama juu kidogo tu ya huo mstari wa theluthi. Nilimkuta nyumbani amekaa ukingoni mwa kitanda, ile karatasi ameikunja mara nne. Akaniambia kwa sauti yake ya kawaida kwamba safari ijayo atakuwa chini ya mstari, ataondolewa, na mizani atapewa jamaa wa banda la sita, ambaye anapima unga wa dawa kwa macho. "Huyo ataua mtu," alisema. "Nikitoka pale, huyo ataua mtu."

Nikamuuliza kwa nini damu yake ishuke, yeye anayenawa mpaka kwenye kiwiko. Akanionyesha kiganja cha kulia. Glavu za kampuni ni nene, alisema, ukizivaa huisikii gramu. Ile dawa kali ya unga, ya jamii moja na zile za chupa nyekundu, inapimwa gramu nne, gramu tano, mkono ukienda kando kidogo umezidisha. Kwa hiyo wa kushoto aliuvalisha, wa kulia akauacha wazi, akimaliza anaunawa kwa sabuni. Miaka minne. Ngozi ilikuwa inakunywa sumu kidogo kidogo kila asubuhi ili wenzake wapate kipimo sahihi. Nilitamani kumzaba kofi, dada yangu mkubwa.

"Vaa glavu," nikamwambia.

"Nitavaa. Lakini mdogo wangu, nisaidie mara moja tu. Damu itapanda yenyewe nikianza kuvaa. Ni miezi mitatu tu ya katikati."

Mimi sishiki dawa, damu yangu ni safi. Wapimaji walikuja kutoka nje ya shamba, kila safari sura mpya, wanatazama kitambulisho na kuchoma. Siku hiyo nilifunga kitambaa chake kichwani, nikavaa ovaroli lake, nikatoa kitambulisho chake, nikanyoosha mkono. Aliyenichoma hata hakuniangalia vizuri. Majibu yalipokuja, dada hakuwa ameshuka hata kidogo. Alikuwa amepanda kuliko siku aliyoajiriwa.

Meneja akaisoma ile namba mkutanoni. Eti huyu mama anashinda na dawa kutwa nzima, tazameni damu yake, igeni mfano. Na safari hiyo hiyo Bomba alikuwa amevuka theluthi. Akaulizwa mbele za watu kama huwa anaoga. Wengine wakacheka. Akapelekwa kwenye magugu, na maneno yake yote yakamwisha. Dada alipigiwa makofi akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa mlangoni, nikajitia hamnazo.

Miezi mitatu baadaye akaniomba tena. Nikagomba, nikalia, nikaenda. Mara ya pili haikuniuma kama ya kwanza, na hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Siku nne baada ya huko kuchomwa mara ya pili, saa nne na nusu asubuhi, mwanamke wa usafi alikuja chumba cha maua akaniita kwa kidole. "Dada yako ameanguka stoo."

Sikumbuki nilivyovuka uzio. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, ametapika, jasho linamtiririka mpaka ovaroli limemganda mgongoni. Nesi wa kampuni, mama mnene mwenye huruma na mdomo mwepesi, alikuwa anampepea kwa faili lake lenyewe. Tukampakia kwenye gari la kubebea maua, nikapanda naye nyuma. Njiani akanishika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

"Usiseme," akaniambia. "Ni tumbo tu. Litapita."

Na kweli wiki ile nusu ya chumba chetu tulikuwa na matumbo, maji ya tangi yalichafuka. Nikaling'ang'ania hilo. Njia nzima nilikuwa najisemea moyoni: tumbo, tumbo, tumbo.

Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja cha dharura: kitanda, pazia la kijani, kabati la dawa lenye kufuli, na saa kubwa ukutani ambayo mshale wake wa sekunde ulisikika. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Tabibu alikuwa mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, haraka hana. Akamshika mshipa wa mkono, akamwangalia macho, akasikiliza kifua, akauliza kazi yake ni nini.

"Anachanganya dawa za maua," nesi akajibu. "Lakini si dawa, daktari. Leo wamechanganya za ukungu tu, na hakuna kilichomwagika, nimeuliza. Tena huyu ndiye mfano wetu." Akafungua faili. "Siku nne zilizopita. Tazama damu hii."

Tabibu akavaa miwani akaisoma. Akarudi kwenye macho ya dada, akayatazama tena, akalitazama dirisha lililokuwa linawaka jua usoni kwake.

"Mboni ni ndogo," akasema, "ila mwanga nao ni mkali. Moyo unakwenda taratibu. Ingekuwa sina karatasi hii ningesema ni dawa." Akaigonga kwa kidole. "Mwenye damu hii hawezi kuwa na sumu hiyo mwilini, labda angeinywa leo. Kuna wengine wanaumwa huko kwenu?"

"Matumbo," nesi akasema. "Watu kama kumi na tano."

"Si umpe tu dawa ya kuondoa sumu?" nikauliza mimi.

Akanitazama kwa upole. "Mama, dawa ya kutibu sumu ile nayo ni sumu. Nikimpa asiyeihitaji, moyo utakimbia, joto litapanda, atachanganyikiwa. Nikimpa anayeihitaji, inamwokoa. Ni ile ile. Kinachoamua ni kilichomo ndani ya damu yake, na damu yake ninaiona hapa." Akaagiza dripu, akasema tutamwangalia.

Nikakaa kwenye benchi la mbao mkabala na saa.

Nitasema ukweli, sina sababu ya kujipamba. Nilijifikiria mimi. Nilifikiria tutakavyofukuzwa wote wawili, tutakavyoitwa wezi wa damu, mama atakavyosikia kwa majirani kabla hajasikia kwetu. Nilifikiria kwamba yeye mwenyewe ameniambia nisiseme, na yeye ndiye anayejua mambo haya. Kisha nikafikiria kwamba mtu anayejua mambo haya alikuwa ameacha mkono wazi miaka minne. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza tabibu alitoka kumwangalia mgonjwa mwingine, nikashukuru. Mara ya pili nesi alianza kunisimulia jinsi meneja anavyompenda dada. Mara ya tatu hakukuwa na sababu yoyote, niliufunga tu.

Saa tano na robo. Dripu inadondoka. Dada alikuwa ananguruma kifuani, sauti ndogo ya majimaji, na nesi akasema ni mafua yanataka kumjia.

Saa tano na dakika ishirini na tano nikasogea kitandani kumfuta jasho. Mto ulikuwa umelowa, si kwa jasho. Mate yalikuwa yanamtoka yenyewe kando ya mdomo, mengi, na hakuwa na habari nayo, mtu ambaye hukunja leso mara nne. Kisha nikaiona nyama ya shavu lake. Ilikuwa inarukaruka chini ya ngozi, hapa, halafu hapa, halafu kwenye kope. Kaza, kaza, kaza. Nilikuwa nimeshaiona, kwenye lile boksi la maua, alipoichora yeye mwenyewe.

"Daktari," nikaita. Hakuwemo chumbani. Nikatoka kwenye korido nikaita kwa nguvu mpaka watu wa foleni wakageuka. Alipoingia nilikuwa nimeshaanza kulia. Saa ilikuwa tano na nusu kamili.

"Hiyo damu ni yangu," nikamwambia. "Iliyomo kwenye faili. Si yake, ni yangu."

Nesi akanishika bega. "Pole, dada, hofu inakusumbua. Kaa chini."

Nikamtoa mkono, nikapandisha shati mpaka juu ya kiwiko. Pale mkono unapokunjikia palikuwa na doa la zambarau linaloanza kuwa njano, na katikati yake nukta ya sindano. "Mimi nafunga maua. Chumba cha maua hatupimwi. Nani alinichoma?" Kisha nikamkunjua dada mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Wa kushoto ulikuwa na dripu juu ya kiganja, lakini kwenye mkunjo wa kiwiko hapakuwa na alama yoyote. Wa kulia hivyo hivyo. "Na yeye kama alipimwa siku nne zilizopita, alama yake iko wapi? Amekwepa vipimo viwili. Anapima dawa ya unga kwa mkono mtupu. Miaka minne."

Nesi aliziba mdomo kwa faili. Tabibu hakunigombeza, hakuuliza hata swali moja. Alivuta pazia dirishani, chumba kikawa giza, akammulika dada tochi jichoni. Giza lile lote na mboni zilibaki tundu la sindano. Akafungua kufuli la kabati.

Alimchoma ya kwanza, akasubiri akiwa ameweka sikio kwenye kifua. Akachoma ya pili, mara mbili ya ile. Akachoma ya tatu. Huku anafanya kazi akawa anazungumza, nadhani kwa ajili yangu. Hii haiondoi sumu, alisema, inaziba tu masikio ya moyo na mapafu na tezi za mate, zisizisikie zile kelele. Kelele zenyewe bado zipo. Kuna dawa ya pili, hiyo ndiyo inayoing'oa sumu iliyomkalia mfagiaji. Haya maneno ya mfagiaji ni yangu, yeye alitumia mengine. Lakini hiyo ya pili iko hospitali kubwa, na ina saa zake. Sumu ikikaa sana inagandia, haing'oki tena, na hapo mwili hauna njia ila kutengeneza mfagiaji mpya mmoja mmoja.

"Inagandia baada ya muda gani?" nikauliza.

"Inategemea ni dawa gani. Nyingine siku nzima. Nyingine saa chache." Akaandika kitu haraka. "Mama, ungesema tulipoingia."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Kwenye gari la wagonjwa kifua kilianza kukauka, midomo nayo ikakauka mpaka ikapasuka, moyo ukakimbia. Dada alifumbua macho asinijue. Alikuwa anaweweseka, vidole vya mkono wa kulia vinashika kitu hewani, anakiinua, anakimimina taratibu, anangoja, anapunguza. Alikuwa anapima. Safari nzima, saa moja na nusu, alipima, na mimi nilikuwa nimemshika kiuno asianguke, namwomba Mungu na kumtukana yeye kwa pumzi moja.

Alipona. Niseme mapema ili mtu asiumie kama nilivyoumia mimi. Siku tano kwa mashine ya kupumulia, wiki tatu wodini. Walipompima damu yake ya kweli, mpimaji alirudia mara mbili akidhani mashine imekosea. Katika wafagiaji kumi alikuwa amebakiwa na mmoja na kidogo.

Kazi ilikwisha, yake na yangu. Siku nilipokwenda kuchukua vitu vyake stoo, nilikuta kwenye rafu ya chini mfuko umefungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na glavu kumi na moja, mpya kabisa, zote za mkono wa kulia. Aliniahidi atavaa. Nikaketi kwenye sakafu ile ya saruji nikalia kama mtoto, na yule jamaa wa banda la sita, ambaye sasa ndiye mwenye mizani, akatoka nje kuniachia nafasi. Mikononi alikuwa na glavu zote mbili.

Bomba alikuja wodini Jumapili moja, na shati lililopigwa pasi. Alisimama miguuni pa kitanda. Nilijua alichokuja kuuliza, nikataka ardhi inimeze.

"Kwa hiyo ile damu niliyosutwa nayo," akasema, "ilikuwa ya mfunga maua?"

"Ilikuwa ya mdogo wangu," dada akajibu. Sauti ilikuwa bado ya kukwaruza kwa ajili ya mpira wa koo. "Wewe ulikuwa unaoga. Nilijua unaoga, nikanyamaza. Nisamehe, kaka."

Bomba akainamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Na mimi nilikuwa nimeshapata wa kumtuma akachomwe badala yangu, miezi ile. Shemeji yangu, fundi viatu. Nilimwambia aje na soksi zangu, wakizinusa wataamini ni mimi." Dada akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi wa wodi akatufukuza sote wawili.

Sasa yuko nyumbani. Miguu imerudi, usiku analala vizuri, ila mkono wa kulia unatetemeka. Hospitali wanasema huenda utatulia, huenda hautatulia, hawajui. Hawezi kujaza kijiko cha sukari kikafika kwenye kikombe. Nilikuwa nakimbilia kumsaidia, akaniambia niache, kwa hiyo sasa natazama pembeni na sukari inamwagika.

Mwezi uliopita yule nesi wa kampuni alituma ujumbe. Wanataka maelezo yake, yasomwe kwa wapuliziaji wote na wale wanaoanza, yaeleze jinsi sumu inavyoingia na jinsi mtu anavyojidanganya. Dada akakubali kwa sharti moja, kwamba kila namba iwe sahihi. Kwa kuwa hawezi kushika kalamu, alisema yeye nikaandika mimi. Tulikaa mezani siku tatu. Gramu za dawa. Miaka ya mkono wazi. Idadi ya glavu, nikamtajia kumi na moja, akasema kumi na mbili, moja iliangukia nyuma ya rafu.

Siku ya tatu alasiri tulifika kwenye kituo cha afya. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza habari za pale, hata siku moja. Mimi nilimwogopa, na nilidhani yeye ana kinyongo kwamba nilisema.

"Pale ukutani kulikuwa na saa," akasema.

"Ilikuwepo."

"Ulikuwa unaiangalia?"

"Nilikuwa naiangalia."

"Tulipoingia mpaka uliposema. Dakika ngapi?"

Ningeweza kusema kumi. Tabibu hakuandika, nesi hakuhesabu, yeye mwenyewe alikuwa hajitambui. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, unagonga ubao polepole bila yeye kutaka, na wote wawili tukawa tunausikia.

"Arobaini," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akifanya mshale wa mizani ukitulia. Nikasubiri anifukuze mezani. Nilikuwa tayari.

"Andika," akasema. "Mdogo mtu alichelewa dakika arobaini." Nikaandika, na maandishi yakawa yananiyeyuka machoni. "Na chini yake andika langu. Mkubwa mtu alichelewa miezi sita." Akasogeza kichwa kuona kama nimeandika sawa. "Hiyo sita inaonekana kama sifuri. Irudie."

Nikairudia.